Siku 20 bila intaneti

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja tu nyuma ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti Kongo. Ilirudi karibu siku 20 baadaye. Mimi nilikuwa naandika TFC, na makala zote nilikuwa nafungua kwa simu. Kazi ikasimama kabisa.

Baba mdogo, aliyesoma UNAZA miaka ya 1970, akavuta chini ya kitanda madaftari yake: kozi nzima kwa mkono, aliandika huku profesa akisoma. Nikamwuliza swali ili nimjaribu (ujinga wangu!). Akajibu bila kufungua daftari. Mimi PDF zangu nilizipokea kwa WhatsApp, nikaweka, sikusoma.

Sasa kuna ChatGPT. Juzi mdogo wangu aliniletea TFC yake nisahihishe. Nikamwuliza ukurasa wa 3 unasema nini. Akachukua simu.