Kipepeo Mwigaji wa Arabuko-Sokoke

Katika msitu huu wa Arabuko-Sokoke, ulio jirani na magofu ya Gede, huishi kipepeo ambaye maulamaa humwita *Papilio dardanus*, na ambaye dume lake ni rahisi kulitambua, kwa kuwa mbawa zake ni za manjano hafifu zenye kingo nyeusi, na zile za nyuma huishilizia kwa mikia miwili. Ama jike, habari yake ni ya ajabu mno. Kwani huku kwetu aghalabu hana mkia wala ile manjano, bali hujivika sura ya vipepeo wa ukoo mwingine, kama vile *Amauris*, ambao miili yao ina sumu na ndege wamekwisha kujifunza kuwaepuka. Na la kustaajabisha zaidi, mabinti wa mama mmoja huweza kutoka kila mmoja na sura yake, hata wataalamu wa zamani wakawadhania kuwa ni aina mbalimbali, mpaka Roland Trimen wa Cape Town alipobainisha, mwaka 1869, kwamba wote hao ni wa nasaba moja na dume lile la manjano. Kisiwani Madagaska, jike hana hila hiyo; hufanana na mumewe.

Viwavi wake hula majani ya miti ya jamii ya mchungwa. Tangu 1993, kwa njia ya Mradi wa Kipepeo wa hapa Gede, wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo, wakapata riziki pasipo kukata mti.