Hongo ya Maji: Mdaburu na Rangi za Grant

Miji ya mito huko Ulaya ina bahati ya kuchorwa. Mtu akitaka kujua daraja la zamani la mji wake lilikuwa na nguzo ngapi, anafungua picha ya rangi za maji ya miaka mia mbili iliyopita na kuhesabu. Sisi wa Manyoni hatuna cha kuhesabu. Mito yetu mingi ni ya mchanga, na mvua zikishakatika unavuka kwa miguu bila kulowa kisigino.

Lakini mchoraji alipita. Desemba 1860 James Augustus Grant, Mskoti, aliingia pori la Mgunda Mkali akiwa na mpelelezi mwenzake Speke, njiani kwenda Tabora. Pori hilo lilianzia mwisho wa Ugogo hadi Tura, na sehemu yake kubwa leo imo wilayani Manyoni, Itigi ikiwemo. Michoro ya Grant ndiyo iliyopamba kitabu cha Speke cha 1863, na picha zake za rangi zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Manyoni sijaiona hata nakala moja ukutani, shuleni wala ofisini.

Ninalolitafuta katika safari za wapelelezi wa wakati ule ni korongo la Mdaburu. Mpelelezi mwingine, Burton, alilipita mwaka 1857 akakuta madimbwi ya maji. Anayejua makorongo haya anajua pia kwamba dimbwi likikauka maji hayajaisha, yamejificha. Unachimba mchanga kwa mikono mpaka kiwikoni, unasubiri. Kwanza mchanga unakuwa mweusi, kisha unang'aa, kisha maji yanajikusanya polepole, nawe unayateka kwa kata ndogo usije ukayachafua. Ndoo moja inakula asubuhi nzima. Mama zetu wamefanya kazi hiyo maisha yao yote.

Ndiyo maana nagombana na Burton. Amewaandika watemi wa Wagogo kama wanyang'anyi kwa sababu ya hongo, na aliyemkera kuliko wote ni mtemi wa Khoko, aliyejulikana kwa jina la Maguru Mafupi. Leo ukisema hongo msikilizaji anawaza bahasha chini ya meza, na maana hiyo mpya imezidi kuwachafua wazee wale. Hongo ya misafara ilikuwa ushuru: nguo, shanga, waya. Haikulipwa gizani. Ilijadiliwa mchana kutwa, wakati mwingine siku kadhaa, na ikishapokewa, msafara uliruhusiwa kupita. Sasa niulize: mamia ya wapagazi na punda wakipiga kambi kisimani wakati wa kiangazi, wanakunywa maji ya ng'ombe wa nani? Visima vile vilichimbwa na watu. Sisemi watemi hawakuzidisha bei, walizidisha. Lakini mwenye kisima kudai malipo si unyang'anyi, na jina la Mgunda lenyewe maana yake ni shamba. Burton mwenyewe aliona Wakimbu wakifyeka pori na kulima. Shamba lina mwenyewe.

Mathias Mnyampala alichapisha historia ya Wagogo kwa Kiswahili mwaka 1954, na anayetaka kusikia upande wa pili aanzie hapo.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Reli ikapanda mlima wa Saranda, ikafika Tabora 1912, na mji ukahama Kilimatinde kwenda kwenye stesheni ya Manyoni. Treni za mvuke nazo zilidai maji. Tawi la Kinyangiri lilijengwa miaka ya 1930, likang'olewa muongo uliofuata; reli ya Singida ikaja baadaye sana.

Halmashauri iombe nakala za picha za Grant kutoka Edinburgh. Na pale Mdaburu ipachike kibao kimoja chenye majina ya visima, kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka.