Skolashipu si sadaka

Wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Msemo huu tumezoea kuutumia katika mambo ya posa na ya siasa. Leo nataka niupeleke katika elimu.

Kila mwaka yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, ukikaa barazani hapa Mjini, iwe Malindi, Mkunazini au ng'ambo huko Kikwajuni, hukosi kusikia kwamba mtoto wa fulani kapata skolashipu. Huyu anakwenda India, yule China, mwengine Uturuki, na mwengine kaandikiwa barua na chuo cha serikali huko Marekani. Watu hupongezana, na wanastahiki kupongezana. Lakini kuna suali moja ambalo mimi nalingojea na silisikii likiulizwa: huyo anayetoa, anataka nini?

Sisemi hivi kwa husuda, wala sisemi vijana wasiende. Nasema kwa sababu visiwa hivi vina historia ndefu ya kuwapokea wanafunzi wa kigeni na ya kuwatoa wake, na historia hiyo ina mafunzo ambayo bado hatujayakalia kitako.

Tuanze hapa hapa Mji Mkongwe, mtaa wa Ukutani. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Unguja ndiyo iliyokuwa ikivuta watu kutoka nje. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alikuwa akisomesha Ukutani. Sayyid Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija, alikuwa kadhi na mwalimu wa walimu. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Kwa ajili yao walikuja wanafunzi kutoka pwani nzima na visiwa vya jirani. Mmoja wao alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Kwa desturi ya zama zile mgeni aliyekuja kutafuta ilimu hakudaiwa ada. Alilazwa na kulishwa na watu wa mtaa, na wenye mali walitoa wakfu ili mapato yake yaendeshe misikiti na masomo. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo ilikuwa skolashipu yetu kabla neno lenyewe halijatufikia. Na mji ulipata nini? Ulipata jina. Mas-ala yaliyowashinda watu huko pwani yaliletwa Unguja, na mwanafunzi aliyerudi kwao alirudi na sanadi ya Unguja. Hata walimu wawili niliowataja asili zao ni za ng'ambo ya bahari. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwa Ukutani methali hii ilisadifu neno kwa neno.

Kisha ukaja ukoloni na mambo yakageuka. Makerere ilianzishwa Kampala mwaka 1922 ikiwa skuli ya ufundi, ikakua mpaka mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa chuo cha Afrika Mashariki nzima, na Serikali ya Zanzibar ilichagua vijana wachache ikawalipia. Kijana wa Unguja alipanda meli mpaka Mombasa, akaingia gari moshi, akapita Nairobi na kupanda Bonde la Ufa, hata akafika Kampala. Alifika akakaa dakhalia moja na Mganda, Mjaluo na Mchaga.

Waingereza walitaka nini? Walitaka walimu, mabwana shamba na wasaidizi wa daktari. Tazama masomo yenyewe. Kwa miaka yote hiyo Makerere haikuwa na kitivo cha sheria. Kitivo cha mwanzo cha sheria Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, uhuru ukiwa umefika mlangoni. Mwenye kulipa ndiye aliyepanga mwanafunzi ajue nini na asijue nini. Wakili mweusi ni mtu wa kumsumbua gavana. Bwana shamba hana tabu.

Hata hivyo mipango ya mwenye kulipa haitimii yote. Miongoni mwa Wazanzibari waliopita Makerere walikuwamo Aboud Jumbe, Idris Abdul Wakil, Othman Shariff na Ali Muhsin Barwani. Serikali ya kikoloni iliwagharimia ili wawe watumishi wake. Wao wakarudi na kuwa viongozi wa siasa za kuiondoa serikali hiyo hiyo, tena katika kambi zilizopingana: Ali Muhsin katika Hizbu, wenziwe watatu katika Afro-Shirazi. Jumbe na Idris wakaja kuwa Marais wa Zanzibar. Fedha za skolashipu zinanunua kitu, lakini haziununui moyo wa mtu. Hili tulishike, tutalihitaji mbele.

Zikaingia zama za siasa, na hapo ndipo mnada ulipofunguliwa. Cairo ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili kupinga ukoloni, na ikatoa nafasi za masomo kwa vijana wa Unguja na Pemba. Moscow ikaanzisha Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. China na Ujerumani Mashariki nazo zikafungua milango. Wamarekani hawakukubali kuachwa nyuma. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alipeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, kwa michango na nafasi zilizotolewa na vyuo vya huko, na mwaka 1960 taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000 safari ziendelee. Dunia nzima, iliyokuwa haitujui, ghafla ikagundua kwamba vijana wetu wana akili.

Kila mmoja alikuwa na lake. Nasser alitaka Afrika Mashariki isiwe ngome ya Waingereza. Moscow na Washington zilikuwa zikigombania dunia. Ujerumani Mashariki ilitaka kutambuliwa kuwa dola, na baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua. Ukipita Kikwajuni, Kilimani na Michenzani utaziona nyumba zilizotokana na urafiki huo. Nafasi za masomo zilikuja katika kapu moja na saruji.

Lakini lawama yangu siielekezi kwa wageni. Mtu kutaka faida yake si dhambi. Lawama ni yetu wenyewe, kwa namna tulivyogawana. Nafasi nyingi za zama zile zilipitia mikononi mwa vyama. Chama kilikuwa na rafiki yake Cairo au Peking, rafiki akatoa nafasi, na chama kikachagua nani aende. Basi kijana alipopanda ndege, deni lake la mwanzo halikuwa kwa Zanzibar, lilikuwa kwa chama. Nchi ndogo kama hii, ambayo tayari ilikuwa imegawika mitaa kwa mitaa na maskani kwa maskani, ikawa inagawika hata vyuoni ng'ambo. Hatukuwa na daftari moja lililosema: nchi hii inahitaji madaktari kadhaa, wahandisi kadhaa, wahasibu kadhaa, na hawa ndio watoto wetu waliofaulu, bila kujali baba zao wanapiga kura wapi.

Miongoni mwao wametoka watu wakubwa. Salim Ahmed Salim alisoma Chuo cha St. Stephen's huko Delhi, na mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, akawa balozi nchini Misri. Baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba kwenda nje ni hasara.

Hasara iliyo wazi zaidi ilikuja pale mlango ulipofungwa. Baada ya Mapinduzi walimu wa Kiingereza waliondoka na skuli zikabaki na madarasa yasiyo na walimu. Seif Sharif Hamad, aliyemaliza kidato cha sita mwaka 1963, hakuruhusiwa kuendelea na chuo kikuu, alitakiwa asomeshe. Akasomesha miaka tisa. Ilipofika 1972 ndipo alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akamaliza 1975 kwa daraja la kwanza. Miaka miwili baadaye alikuwa Waziri wa Elimu wa Zanzibar. Mtetezi wa uamuzi ule atasema watoto walihitaji mwalimu, na ni kweli walihitaji. Lakini nami nauliza: wangapi walingoja miaka tisa kama yeye na mlango wao haukufunguliwa tena? Kati ya kumpeleka kila mtu bila mpango na kutompeleka mtu kabisa, ilikuwapo njia ya tatu.

Sasa nirudi kwenye barua za siku hizi, maana biashara imebadilika. Zamani aliyetoa skolashipu alitaka rafiki. Leo wengi wa watoaji wanataka mteja. Uingereza ilianza mwaka 1980 kuwatoza wanafunzi wa kigeni gharama kamili ya masomo yao. Marekani vyuo vya umma ni vya majimbo. Mtoto wa jimbo analipa ada ndogo kwa sababu wazee wake wanalipa kodi pale. Anayetoka jimbo jengine, au nchi nyengine, anatozwa mara mbili au mara tatu. Majimbo yalipopunguza ruzuku, vyuo vikaanza kuwatafuta wageni hao kwa bidii, na chambo chao ni skolashipu.

Hebu tufanye hesabu ya sokoni. Muuza kanga wa Darajani akimwona mgeni anataja bei ya juu, kisha anampunguzia robo, na mgeni anaondoka amefurahi. Mwenyeji anayejua bei anacheka. Skolashipu ya namna hiyo ni kipunguzo, na mara nyingi baada ya kipunguzo mgeni bado analipa zaidi ya mwenyeji. Nyumba inauzwa Bububu, shamba la mikarafuu linawekwa rehani, na mzee anaamini mtoto wake anasomeshwa bure. Barua isomwe mpaka mwisho. Iulizwe: ada nzima ni kiasi gani, kinachosamehewa ni kiasi gani, chakula na dakhalia ni juu ya nani, na mwaka wa pili itakuwaje?

Upande wa pili, na sisi tumekuwa wenyeji tena. TAKILUKI ilianzishwa mwaka 1979, na mpaka leo, ikiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wageni wanakuja kusoma Kiswahili hapa kwetu. Chuo kikuu chenyewe, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha 2001. Mwaka 2007 madaktari walimu kutoka Matanzas, Cuba, walikuja kuwasomesha udaktari vijana wetu hapa hapa kisiwani. Kwa maoni yangu huo ulikuwa mpango wa busara kupita mingi: badala ya kumsafirisha mtoto, akasafirishwa mwalimu. Na mwaka 2023 taasisi maarufu ya India, IIT Madras, ilifungua tawi lake Bweleo, la kwanza la taasisi za IIT nje ya India, likapokea wanafunzi wa hapa na wa kutoka nje.

Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini mwenye chuo naye ana maamuzi yake ya kufanya. Tukiwavuta wageni kwa skolashipu, tuwe tunajua tunataka nini kwao, kama Ukutani ilivyojua. Na tukipokea ada zao, mtoto wa Makunduchi au wa Nungwi aliyefaulu asiambiwe kwamba kiti kimejaa. Chuo cha umma kinaendeshwa kwa jasho la muuza samaki na mchuma karafuu; hao ndio wenye haki ya kwanza ya kuuliza viti vimekwenda kwa nani.

Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Napendekeza daftari lile tulilolikosa zama za siasa lianzie hapo. Kila nafasi inayotoka nje kwa njia ya serikali itangazwe hadharani, majina ya waliochaguliwa yabandikwe ukutani na alama zao, na iandikwe nchi inatarajia nini kutoka kwa kila mmoja atakaporudi. Kijana akijua kwamba amechaguliwa kwa alama zake, hana chama wala mkubwa wa kumlipa fadhila. Deni lake linabaki kwa waliomlea.

Nilisema fedha za skolashipu haziununui moyo wa mtu. Makerere imetuonyesha. Lakini moyo usionunuliwa na mgeni haurudi nyumbani wenyewe tu; unarudi ukijua kwamba kuna kazi inayoungoja na kuna watu waliouhesabu. Wengi wa vijana wetu waliobaki ng'ambo hawakutoroka. Hakuna aliyewauliza watarudi lini.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.