Subaru WRX Mtaani: Tengeneza Kwanza, Nguvu Baadaye

Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally 1997 na Subaru Impreza, hii ndinga haijawahi toka kwa roho za masee wa Eastlands. Kutoka Buruburu hadi Umoja, wenye wanazijua watakushow kitu moja: usikimbilie eksozi kubwa kabla injini iwe fiti.

Oili: Cheki stiki kila wiki, injini ikiwa imepoa, gari ikiwa mahali tambarare. Tabo hutumia oili hiyo hiyo ya injini, so ikikauka unapoteza zote mbili.

Mkanda wa taiming: Usipitishe kilomita 100,000. Badilisha na rola zake na pampu ya maji. Ukikatika kwa injini ya EJ20, valvu zinagongana na pistoni. Umenunua gari ya mtu na hujui ulibadilishwa lini? Badilisha sasa.

Kuzima: Ukitoka kuikanyaga Outer Ring, usizime saa hiyo. Wacha ingurume polepole kama dakika moja, tabo ipoe.

Nguvu: Anza na breki na tairi. Ukiongeza presha ya tabo bila kurekebisha programu ya injini, petroli inaweza kuwa kidogo, pistoni ipasuke.

Sevis ni doh, lakini kuunda injini ni doh mob zaidi.