Mtoto ni wa nani? Wazazi na shule katika historia ya Kongo



Mtoto akikosa adabu, mara nyingi tunasikia mabishano yale yale. Mwalimu anasema: «Wazazi wake hawakumlea.» Wazazi wanajibu: «Sisi tulimtia shuleni, basi mwalimu anafanya kazi gani?» Kisha padri anaitwa kukata shauri.

Mbele ya kulikata, inafaa ajue kwamba shauri hili si la jana. Lilianza siku ile nyumba ya kwanza ya masomo iliposimama katika inchi yetu. Basi tuangalie historia yake, si kwa kuwahukumu waliotutangulia, lakini kwa kupata akili ya kazi yetu.

I. Watoto wasio na wa kuwaombea

Mbele ya shule, malezi yalikuwa kazi ya ukoo mzima. Kwa Watabwa wa Marungu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Baba alimfundisha kijana kazi za wanaume, mama alimfundisha binti kazi za nyumba na za shamba, na wazee waliwapa wote hekima ya mezali na hadithi, jioni kando ya moto. Hakukuwa mtu wa kusema: «Kulea ni kazi yangu peke yangu», wala: «Kulea si kazi yangu.»

Kisha ikaja misiba ya biashara ya watumwa. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Monsenyori Lavigerie kule Algeria mwaka wa 1868, walifika kwenye pwani ya magaribi ya Tanganika mwaka wa 1880, wakakaa Mulweba. Mwaka wa 1883 walifungua Kibanga, na mwaka wa 1885 wakapokea boma la Mpala. Kapitani Joubert alikuja mwaka wa 1887 kuwalinda watu na wakamata-watumwa. Mwaka wa 1893 ikaanzishwa misioni ya Kirungu, iliyoitwa Baudouinville, upande wa Moba wa leo.

Katika misioni hizo za kwanza, wanafunzi wengi walikuwa watoto waliokombolewa. Mapadri waliwanunua mikononi mwa wafanya-biashara, wakawalisha, wakawavika, wakawafundisha sala na kazi. Baba zao walikuwa wapi? Wengine walikwisha uawa, wengine walikuwa mbali sana, na wengine mtoto mwenyewe hakukumbuka tena jina la kijiji chao. Basi padri akawa baba, mwalimu na mlinzi, yote pamoja. Hata siku ya kuoa, ni yeye aliyewatafutia mahali pa kujenga.

Tusiseme kwamba walifanya vibaya. Mtu akimtoa mtoto katika moto, haulizi kwanza mjomba wake ni nani. Lakini tuone vema jambo hili: shule yetu ya kwanza ilizoea kutenda kazi pasipo wazazi, kwa sababu wazazi hawakuwapo. Mazoea yakaendelea hata pale ambapo wazazi walikuwapo.

II. Neno «yatima»

Upande mwingine wa inchi, mazoea hayo yalitiwa katika sheria. Kwa amri ya tarehe 12 Julai 1890, Serikali ya mfalme Leopold II ilijifanya mlinzi wa watoto waliotolewa utumwani, wa walioachwa, na wa mayatima. Watoto hao walikusanywa katika makambi ya masomo ya Boma na ya Nouvelle-Anvers, inayoitwa leo Makanza. Huko walifundishwa kwa amri ya kiaskari, kwani Serikali ilitafuta askari na wafanya-kazi. Mwaka wa 1892 amri nyingine iliruhusu mashirika ya misioni nayo kuwapokea watoto wa namna hiyo.

Kule Kwango, Mapadri Wajezuiti, wakiongozwa na Padri Van Hencxthoven, walifanya kile kilichoitwa mashamba-kanisa. Karibu na kijiji waliweka mkatekista pamoja na kikundi cha vijana. Vijana walijenga nyumba ya sala, walilima, walifuga wanyama, na kila siku walisoma. Walikula kwa jasho lao, na watu wa kijiji waliona mfano mbele ya macho yao. Shauri lilikuwa na akili nyingi. Lakini vijana hao walitoka wapi?

Ndilo swali lililoulizwa na tume ya uchunguzi iliyopita katika Kongo mwaka wa 1904 na 1905. Ripoti yake, iliyotangazwa mwezi wa Novemba 1905, ilisema kwamba wengi wa watoto hao hawakuwa mayatima wa kweli. Wajezuiti walikataa maneno mengi ya ripoti hiyo, na mabishano yaliendelea kwa miaka.

Sisi tutazame neno lenyewe. Kwa sheria ya Wazungu, mtoto aliyefiwa na baba na mama ni yatima, na mtu mwingine anaweza kuwekwa kuwa mlinzi wake. Kwa desturi yetu, baba akifa, ndugu zake wanabaki baba. Mama akifa, dada zake wanabaki mama. Na mjomba yuko. Mtoto anayeitwa yatima katika kitabu cha Serikali pengine ana wazazi sita kijijini. Kumchukua pasipo kuwauliza hao sita ni kumchukua mtoto mwenye wazazi.

Na hapa elimu ya dini yetu haikukosa nuru. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha fundisha, katika karne ya 13, kwamba haifai kubatiza watoto wa wasioamini wazazi wao wasipopenda. Sababu yake ni hii: mbele ya kupata akili zake mwenyewe, mtoto yuko chini ya ulinzi wa wazazi kwa sheria ya maumbile, na neema haivunji sheria hiyo. Ikiwa hata Ubatizo, ulio bora kupita hesabu na maandiko, hautolewi kwa kuwapita wazazi, itakuwaje kwa masomo?

III. Mkatekista katikati ya kijiji

Tarehe 26 Mei 1906, Kiti Kitakatifu na Serikali ya Leopold II walifanya mkataba. Kila misioni ilipewa bure udongo wa hektari 100 hata 200, nayo ilipaswa kufungua shule, ambamo watoto wangefundishwa hasa kulima na kazi za mikono. Tangu hapo shule ilitoka pole pole katika ua wa misioni, ikaenda vijijini.

Huko ilikutana na wazazi walio hai, wenye kauli. Mama aliuliza: «Nani atalinda mdogo wake wakati nikiwa shambani?» Baba aliuliza: «Nani atachunga mbuzi?» Na juu ya wasichana maulizo yalikuwa mengi zaidi. Mkatekista hakuweza kuwapita. Aliishi nao, alilima kando yao, alikwenda kwenye matanga yao. Watu wa kijiji ndio waliokata miti na majani ya kujenga darasa. Mkatekista mwenye akili alijua mtoto gani ana njaa, mama gani ni mgonjwa, mjomba gani amekasirika. Pengine hakujua hesabu nyingi, lakini alikuwa daraja. Kwa shule za namna hiyo inchi ya Tanganika iliona matunda yake: tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, Stefano Kaoze, mtu wa Marungu, alipewa upadri, akawa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi mpya.

Tangu mwaka wa 1925, na zaidi kwa kanuni za mwaka wa 1929, Serikali ya Wabelgiji ilianza kuzipa shule za misioni za Kibelgiji msaada wa feza. Ikaleta programu, daftari na wakaguzi. Faida ilikuwa kubwa. Shule ziliongezeka na walimu walisoma vizuri zaidi. Lakini katika mkataba wa 1906 na katika kanuni hizo, wenye kusema walikuwa wawili tu: Serikali na misioni. Mzazi hakuulizwa neno.

Na mwaka ule ule wa 1929, tarehe 31 Desemba, Papa Piyo XI alitoa barua yake juu ya malezi ya kikristu ya vijana. Alifundisha kwamba malezi yanahusu makundi matatu: jamaa, Serikali na Eklezia. Haki ya jamaa inatoka kwa Muumba, nayo inatangulia haki ya Serikali. Shule ilizaliwa kwa kusaidia jamaa na Eklezia, si kwa kuchukua nafasi yao. Barua ilikuwa kamili. Katika Kongo wakati ule, kundi la kwanza kati ya hayo matatu halikuwa na kiti barazani.

IV. Wote wanasema kwa jina la wazazi

Mwaka wa 1954 Bwana Buisseret alikuwa waziri wa makoloni. Akafungua shule za Serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kongo, na vita ya shule ya Ubelgiji ikavuka bahari. Hawa walisema: «Wazazi wanataka kuchagua.» Wale walisema: «Wazazi wakristu wanataka shule ya kikristu.» Kwa mara ya kwanza jina la wazazi lilikuwa midomoni mwa wote. Hata hivi, mara nyingi mashindano yalikuwa ya wakubwa kati yao.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ukatangaza tena kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Lakini mwishoni mwa mwaka wa 1974, Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule zote za Eklezia, na somo la dini likaondolewa. Miaka miwili haikupita vizuri, uzito ukaonekana. Kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977, uongozi wa shule ulirudishwa kwa Wakatoliki, kwa Waprotestanti na kwa Wakimbangu, Serikali ikibaki na daraka la mishahara. Tena mkataba ulikuwa wa Serikali na madini; mzazi alisikia habari nje ya mlango.

V. Mzigo unageuka

Sasa tazama, ndugu, jinsi mambo yalivyogeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu uliliwa na kupanda kwa bei, hata haukutosha kununua unga. Walimu wakagoma, watoto wakapoteza masomo. Ndipo wazazi walipokubali kutoa «primu» kwa walimu, juu ya minervali ya kawaida. Ilisemwa ni kwa muda mfupi. Ilidumu zaidi ya miaka 25.

Mama aliyeuza mihogo sokoni ndiye aliyeisimamisha shule ya Kongo katika miaka ya vita na ya njaa. Hilo liandikwe. Lakini tuandike pia kwamba mtoto ambaye mama yake hakuuza siku ile alifukuzwa darasani, na kati ya mwalimu na mzazi, waliopaswa kupendana, iliwekwa noti ya feza.

Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za watu wote ni ya lazima na ya bure, na kwamba wazazi wana haki ya kuchagua malezi ya watoto wao. Mwezi wa Septemba 2019 neno hilo la bure lilianza kutimizwa. Watoto wengi sana waliingia, madarasa yakajaa kupita kiasi, na wazazi wengine wakasema: «Sasa tumepumzika, ni kazi ya Serikali.»

Ndipo tunapoona kosa moja likipita katika historia yote. Mwanzoni shule ilichukua nafasi ya wazazi. Baadaye wazazi walichukua nafasi ya Serikali. Sasa wengine wanataka Serikali ichukue nafasi ya wote. Kila mara mmoja alibeba na mwenzake akaenda zake. Lakini kushirikiana si kupokezana mzigo. Ni kuubeba pamoja, kila mtu akishika upande wake.

VI. Kwetu sisi

Sheria ya Eklezia ya mwaka wa 1983, kanuni ya 796, inaamuru mambo mawili. Wazazi washirikiane sana na walimu waliowakabizi watoto wao. Na walimu nao washirikiane sana na wazazi, wawasikilize kwa moyo, na mikutano au vyama vya wazazi vifanyike na kuheshimiwa. Si shauri la hiari; ni kanuni.

Basi wewe seminari, utakayepewa kesho parokia yenye shule kumi, kumbuka haya. Usiwaite wazazi siku ya kuomba feza tu; waite pia siku ya kutafuta shauri, nao wakisema, andika maneno yao. Uulize wazazi wa mtoto ni nani kweli kweli: pengine ni bibi, pengine ni mjomba, pengine ni dada wa miaka 17 aliyebaki na wadogo zake baada ya vita.

Wewe mwalimu, usimtukane mzazi mbele ya mtoto wake, hata kama hajui kusoma. Yeye alimfundisha mtoto huyo kusema, mbele yako wewe kumfundisha kuandika. Nawe mzazi, usimcheke mwalimu kwa viatu vyake vilivyotoboka, mtoto akisikia. Kila mmoja wenu anamlinda mwenzake katika moyo wa mtoto.

Nawe mkatekista, ambaye nafasi yako ni ya zamani kupita za wote hao, usiache kuwa daraja.

Tukiitwa tena kukata lile shauri, «Mtoto ni wa nani?», tujibu hivi: ni wa Mungu, aliyemkabizi kwanza kwa wazazi wake, nao wanatuomba sisi wengine tuwasaidie. Anayesaidia hanyanganyi, na anayesaidiwa hakimbii.