Beni: Gwaride Lililogeuka Ngoma

Mtu aweza kusimama kando ya uwanja na kuapa kwamba hatacheza, lakini ngoma ikikolea mguu wake humkana. Akili haijatoa ruhusa, na unyayo umekwisha anza kupiga ardhi. Jambo hili dogo, ambalo kila msomaji amepata kuliona arusini, lina historia kubwa nyuma yake. Na katika pwani yetu historia hiyo yaonekana wazi kabisa katika ngoma iliyoitwa beni.

Jina lenyewe ni la Kiingereza, lenye maana ya kikundi cha wapiga matarumbeta, nalo lilitiwa irabu ya Kiswahili mwishoni likawa letu. Ngoma hii ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Tangu zamani mitaa ya miji hiyo ilikuwa ikishindana kwa ngoma. Lamu, kwa mfano, Mkomani walishindana na Langoni, kila upande ukitafuta njia ya kumtahayarisha mwenzake kwa uzuri wa mavazi, ukali wa mashairi na wingi wa karamu. Ndipo mambo mageni yakaingia: manowari bandarini, askari wakipiga gwaride, na bendi za matarumbeta, mojawapo ikiwa ya watu waliookolewa utumwani wakakaa Freretown, makao ya wamisheni yaliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Vijana walitazama, wakasikiliza, wakachukua.

Hawakuchukua sauti peke yake. Walichukua safu, sare na vyeo. Wachezaji waliingia uwanjani wamenyoka kama uzi, mavazi yamepigwa pasi, mbele yao mtu aliyeitwa Mfalme au Jemadari, na nyuma yake maofisa wa kila daraja hata daktari. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao, wengine wakivaa kama wauguzi. Penye fedha palilia tarumbeta. Pasipo fedha, ngoma na filimbi zilitosha. Hatua ilikuwa moja, mkono mmoja, na geuko moja.

Kutoka kwetu beni ilivuka kusini. Dar es Salaam na Tanga vilisimama vyama viwili mashuhuri, Marini na Arinoti. Marini kilisifika kuwa chama cha watu wa mjini wenye elimu na nafasi. Arinoti kilikuwa cha watu wa kazi ngumu na wageni waliotoka bara. Usidhani, msomaji, kwamba vyama hivi vilikuwa vya kuchezea tu. Vilikuwa na matawi katika miji mbalimbali, vilipelekeana barua, na vilizika wafu wao. Mgeni aliyefika mji asioujua, asiye na ndugu wala jamaa, alikuta watu wa kumpokea, kwa kuwa hatua aliyoijua yeye waliijua na wao.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza kuliko biashara na safari zote. Beni ilichezwa na askari wa Mjerumani, ikachezwa na askari wa Mwingereza, hata wapagazi wakaijua. Hali ya wapagazi haina budi kukumbukwa hapa. Waliandikiwa kuchukua mizigo ya jeshi, wengi kwa kulazimishwa, na jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza waliandikwa kuwa wamekufa, walio wengi kwa maradhi wala si kwa risasi. Waliopona walirudi makwao na vitu vichache. Kimoja katika hivyo kilikuwa beni, na kwa njia hiyo ikafika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nchi zinazoitwa leo Malawi na Zambia.

Lakini kwa nini watu waliotaabishwa na jeshi wachague kucheza gwaride la jeshi? Wazungu wengi walijibu kwa kicheko: ni uigaji wa kitoto. Jibu hilo siliafiki. Gwaride lilitungwa ili mwili wa askari utii kabla akili yake haijauliza swali. Hata hivyo, hatua ya pamoja huzaa jambo jingine ambalo mtoa amri hakuliagiza. Mwanahistoria wa Marekani, William McNeill, aliingizwa jeshini mwaka 1941 akapigishwa gwaride huko Texas. Kazi ile haikuwa na faida yoyote aliyoweza kuiona, na bado aliona furaha ya ajabu, kana kwamba nafsi yake imepanuka ikawaingia wenziwe. Jambo hilo halikumtoka. Mwaka 1995 alitoa kitabu kizima juu ya ngoma na gwaride. Mwaka 2015 wataalamu waliowajaribu vijana wa shule nchini Brazil walitangaza kwamba waliocheza kwa hatua moja, na pia waliocheza kwa nguvu nyingi, walistahimili maumivu zaidi na kujiona karibu zaidi na wenzao. Babu zetu hawakupima, lakini walijua.

Basi mfikiri mtu aliyeitwa "boi" mchana kutwa, akaamrishwa na kutukanwa. Jioni anasimama kwa mgongo uleule, ananyoosha shingo ileile, nao wenziwe mia wanamwita Jemadari. Ni vigumu mgongo kunyoka saa nzima na moyo ubaki umepinda.

Si wote walioipenda. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, wasomaji waliilaumu beni kwa kupoteza fedha, na lawama hiyo ilikuwa na haki ndani yake. Mashindano ya karamu huleta madeni, na deni halichezi. Serikali nayo iliogopa jambo jingine: watu wanaojua kwenda pamoja, ipo siku watakwenda wasikotumwa.

Hofu hiyo ilipata ushahidi mwaka 1935 katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako ngoma hii iliitwa mbeni. Kodi ya watu wa migodini ilipandishwa kutoka shilingi 12 na nusu hadi 15. Mgomo ukaanza Mufulira, ukaenea Nkana na Luanshya, na watu wa mbeni walikuwa miongoni mwa walioupeleka mbele. Tarehe 29 Mei, huko Luanshya, polisi waliwapiga watu risasi, wakafa 6. Tume iliyoteuliwa kuchunguza ilishughulika sana na habari za mbeni. Kwangu mimi tume iliishika kamba mkiani: kilichowaumiza watu kilikuwa kodi, si ngoma. Ngoma iliwapa tu wageni wa makabila mengi mazoea ya kusimama mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Pwani yetu beni ilififia. Nchini Malawi wajukuu wake, mganda na malipenga, wangali wakichezwa katika vijiji vya kando ya ziwa. Wanaume hupanga safu, huvaa nguo safi, hukunja magoti kwa pamoja. Na badala ya tarumbeta kila mmoja hushika kibuyu kilichotobolewa na kuzibwa kwa utando wa buibui, akaimba ndani yake hata sauti ikatetemeka kama shaba.