Eropleni Kuukuu Juu ya Msitu wa Nyandarua

Somo la Historia



Leo tutatazama jambo moja: chombo cha vita kikizeeka, kiachwe au kiendelee kutumiwa? Wewe mkulima wa Nangara unalijua swali hili. Jembe likichakaa hulitupi mara moja. Kwanza unatazama kama bado linalima. Wakuu wa majeshi nao huuliza hivyo, lakini chombo chao kina gharama kubwa, nacho kikifanya kazi watu hufa.

Mfano wetu uko kwa jirani zetu wa Kenya. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya Kiingereza ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, watu waliodai ardhi na uhuru. Wapiganaji wengi walikaa katika misitu ya Mlima Kenya na ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Mwaka 1953 Waingereza walitumia kwanza ndege ndogo za Harvard, ambazo kazi yake hasa ni kufundishia marubani. Mwezi wa Novemba wakaleta ndege kubwa ziitwazo Lincoln katika kiwanja cha Eastleigh, Nairobi.

Lincoln iliruka mara ya kwanza mwaka 1944. Ilikuwa na injini 4 za rafadha, yaani mapanga yanayozunguka na kuivuta ndege, na ilichukua watu 7. Iliundwa kwa vita vikuu vya dunia, ili ipige miji na viwanda. Vita hivyo vikaisha mwaka 1945. Kufika mwaka 1953 ndege za jeti zilikuwa zimeanza kushika nafasi yake.

Waliotaka iendelee kutumiwa walikuwa na hoja. Ndege ilikwisha kununuliwa, na marubani wake walikwisha kufundishwa. Tena wapiganaji wa msituni hawakuwa na mizinga ya kuipiga, basi uzee wake haukuwa hatari kwa rubani. Na kishindo cha mabomu kingewatia hofu na kuwatawanya.

Sasa sikiliza hoja ya pili. Simama Nangara, utazame msitu wa Mlima Kwaraa. Je, ungeweza kumwona mtu aliye chini ya miti ile? Rubani wa Lincoln naye hakuweza. Aliangusha mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1,000, yaani kilo 450 hivi, mahali alipodhani kuna kambi. Mengi yalivunja miti tu. Tembo na nyati walijeruhiwa, na mnyama aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila apitaye. Gharama ilikuwa kubwa, faida ndogo.

Katikati ya mwaka 1955 ndege hizo ziliondolewa Kenya. Vita havikuisha siku ile. Dedan Kimathi, kiongozi mkuu wa wapiganaji wa Nyandarua, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na askari waliokwenda kwa miguu. Jeshi la Anga la Uingereza liliacha kabisa kutumia Lincoln mwaka 1963.

Je, uzee ndio uliozishinda kule Kenya? Sivyo. Hata ndege mpya isingeona chini ya miti. Marekani wana ndege ya B-52, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1952. Ya mwisho iliundwa mwaka 1962, lakini hata leo inatumika, na imepangwa kuwekewa injini mpya. Basi umri peke yake hautoi jibu. Uliza: kazi yake ni ipi? Inaiweza? Gharama yake ni kiasi gani? Na swali zito kuliko yote: nani yuko chini yake? Watu wa msituni hawakuweza kuipiga ndege ile, ndiyo maana ilionekana bado inafaa. Chombo kuukuu huweza kudumu kwa sababu tu anayepigwa ni mnyonge.

Maswali ya kujadiliana

1. Lincoln iliundwa kwa kazi gani? Kenya ilipewa kazi gani?
2. Kwa nini mabomu yake hayakufaa msituni?
3. Taja chombo kimoja cha zamani kijijini kwako. Kiachwe au kitengenezwe? Toa sababu zako.